Mita Elfu Nne na Mia Mbili

Jorunn Hjelle alikaanga svele kwenye feri ya Skorva kwa miaka thelathini na mmoja, na siku aliyostaafu aliapa mbele ya mabaharia wote, nahodha akiwemo, kwamba hatashika tena kikaango cha watu hata wamlipe dhahabu. Svele ni chapati nene ya maziwa ya mgando. Hukunjwa katikati ikiwa ya moto na kupakwa siagi na sukari, au jibini ya kahawia kwa wenye akili zao. Sisi watu wa Skorva hatuvuki maji bila svele. Wapo wanaovuka kwa ajili ya svele tu, wakifika ng'ambo wanageuza gari na kurudi, na wake zao nyumbani wanadhani wamekwenda kwa daktari.

Feri ilikwenda Lauvnes, ng'ambo ya ghuba, na kurudi, dakika ishirini na tano kila upande, kwa mvua au kwa jua, ingawa kwetu jua ni jambo la kusimuliwa. Siku ya kumuaga Jorunn kazini, mumewe Magnar alisimama kutoa hotuba. Wenzake walitegemea maneno ya mapenzi. Magnar alitoa karatasi mfukoni, akavaa miwani, akasoma hesabu: ghuba ina upana wa mita elfu nne na mia mbili, toa likizo, toa uzazi mara mbili, toa mgomo wa mwaka ule, jumla yake mke wangu amesafiri umbali wa kuizunguka dunia mara saba bila kufika popote. Kisha akaketi. Watu walipiga makofi wakiwa wamechanganyikiwa. Jorunn, aliyemjua mtu wake, alifahamu kwamba hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mapenzi.

Magnar alikuwa mpima ardhi wa halmashauri, mrefu, mkavu, miguu yake imeanzia karibu na kifua. Akiona mawe mawili hatulii mpaka ajue yameachana kwa umbali gani. Maneno matatu hayakuwahi kutoka kinywani mwake: nimechoka, nina njaa na nisamehe. Nadhani mama yake alipomfundisha kusema aliyaruka. Hata hivyo hakuwa mtu mbaya, na uongo hakuujua kabisa, hasa kwenye vipimo. Angeweza kusahau tarehe ya harusi yake, na aliisahau mara mbili, ila asingeweza kukwambia kilomita tatu ilhali ni mbili na nusu.

Kwetu mwanamume akistaafu ana njia mbili: anunue mashua au apagawe na milima. Jumapili kanisani utakuta watu saba na mchungaji anayetazama saa, maana naye ana viatu vya mlimani ndani ya gari. Kule juu, nyuma ya kanisa, watu wanapishana kwa foleni na kusalimiana kwa bashasha ambayo chini mjini hawaionyeshi hata kwenye msiba. Magnar alipagawa kuliko wote. Alitandaza ramani ya nchi nzima juu ya meza ya jikoni, akatoa kalamu nyekundu, akatangaza kwamba wao wawili watatembea kutoka mlango ule ule wa jikoni hadi Rasi ya Kaskazini, mwisho wa nchi, kwa njia za milimani, na kwa feri pale penye maji.

Kulikuwa na sheria. Ya kwanza, kila mita itembewe kwa miguu, na kwenye feri mtu azunguke sitaha kutoka gati hadi gati bila kusimama, ili mstari mwekundu usikatike. Ya pili, hakuna kurudi nyumbani mpaka Rasi ifikiwe. Ya tatu Jorunn aliisahau; ilihusu soksi.

Watu walimuuliza Jorunn amekubali vipi wazimu huu. Alikuwa na sababu yake, na wala hakuificha. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amesimama nyuma ya kaunta akiwatazama watu waliokaa dirishani. Sasa alitaka kukaa dirishani yeye, kwenye feri za watu wengine, aletewe svele iliyokaangwa na mwanamke mwingine, aionje polepole, kisha aitoe kasoro. Alimwambia Magnar wazi kwamba mstari ni wake peke yake. Milimani atatembea naye, ila kwenye feri yeye ni abiria. Magnar alifikiri siku mbili, akaona sheria haikatazi.

Nyumba waliwapangisha Waslovaki watatu waliokuja kuchimba handaki la magari chini ya ghuba ile ile, lile litakaloiua feri. Jorunn aliwaachia shuka safi na barua inayoeleza jinsi ya kuwasha jiko. Alijua anawatandikia vitanda watu waliokuja kumzika, lakini walikuwa wanalipa vizuri, na mmoja wao alikuwa anajua kuoka.

Siku ya kwanza kabisa mambo yaliharibika. Walitoka mlango wa jikoni saa moja asubuhi na mabegi mgongoni, majirani wakawapungia mikono, wakashuka mita mia sita hadi gatini, na dhoruba ikawapokea. Mawimbi yalikuwa yanapanda hadi sitahani. Nahodha, aliyeujua mpango wote kama kila mtu wa Skorva alivyoujua, alisema kwenye kipaza sauti, "Abiria wote wakae ndani mpaka tufike. Hasa wewe, Magnar." Magnar akakaa. Aliweka mikono magotini, akatazama maji ya ghuba yakipita chini yake bila kutembewa, dakika zote ishirini na tano, huku mabaharia wakimchungulia na kucheka. Walipofika Lauvnes alitoa daftari, akaandika kwamba mita elfu nne na mia mbili zimebaki. "Tutazimaliza tukirudi," alisema. Jorunn alikuwa anaonja svele ya mrithi wake, na hakuipenda.

Polepole Magnar aliligeuza pengo lile kuwa jambo zuri. Mita zile zitakuwa za mwisho, alisema. Wakitoka Rasi watapanda feri ya Jorunn pale Lauvnes, atazunguka sitaha mpaka Skorva, watapanda zile mita mia sita, atafunga mlango wa jikoni, basi, mstari umetimia. Aliwasimulia hivyo watu wote waliokutana nao njiani. Jorunn alikuwa anaweza kuisimulia habari hiyo kwa sauti ya Magnar, pamoja na kikohozi cha katikati.

Wakaenda hivyo miaka miwili na zaidi. Majira ya joto walitembea, majira ya baridi walijibanza pale walipofika, mwaka wa kwanza kwenye kibanda cha wavuvi, wa pili kwenye chumba juu ya saluni ambako Jorunn alipata habari za mji mzima kupitia sakafuni. Walikuwa na hema moja, sufuria moja, birika moja la kahawa, na nguo za ndani za sufu ambazo sifa yake dukani ni kwamba hazinuki. Aliyeandika sifa hiyo hakulala ndani ya hema la Magnar. Walikula supu za pakiti, samaki mkavu, na chokoleti iliyokatwa kwa kisu katika vipande vinavyolingana. Jorunn alipoteza kucha mbili za vidole vya miguu, na nyonga yake ya kushoto ikaanza kutabiri mvua. Lakini alipanda feri sitini na moja. Kwenye kila feri alikaa dirishani, akala, akaandika alama kwenye kijitabu chake, na kila baada ya dakika mbili mume wake alipita nje ya kioo, amelowa, anatazama mbele. Wakati mwingine alimpungia mkono. Wakati mwingine, ikiwa svele ni nzuri, alisahau.

Usiku walilala mara nyingi kwenye vibanda vya chama cha watembea milimani. Havina mlinzi. Unafungua kwa ufunguo wako, unapasua kuni, unachota maji, asubuhi unafagia, unaondoka. Na kuna kitabu. Kila anayefika sharti aandike jina, ametoka wapi, anakwenda wapi, maana ukipotea ukunguni kitabu ndicho kitakachowaonyesha waokoaji pa kuanzia. Kuandika ilikuwa kazi ya Magnar, mwenye mwandiko wa ramani. Jorunn hakuwahi kukitazama kitabu hata siku moja. Alikuwa na soksi za kuanika.

Mwanzoni mwa Septemba ya mwaka wa tatu walikuwa kwenye kibanda kimoja kaskazini ya mji wa Tromsø. Zimebaki siku ishirini na nne hadi Rasi. Magnar alikwenda kisimani. Jorunn alisimama mlangoni kwa mguu mmoja, simu juu ya kichwa, kwani hapo tu ndipo mtandao ulikuwa unapatikana, na ujumbe ukaingia kutoka kwa Kjellfrid, mwenzake wa kantini aliyebaki kazini. Handaki limekwisha miezi saba kabla ya wakati, jambo ambalo katika nchi yetu halijawahi kumpata mtu. Feri inavuka mara ya mwisho Jumamosi ya wiki ijayo, saa kumi alasiri, kutoka Lauvnes. Njoo, mwenzangu, usiniache na hawa.

Jorunn aliisoma mara tatu, kisha akakaa kizingitini. Alishangaa kuona analia. Feri ile ilimuunguza mikono, ilimharibu nyonga, ilimfanya asikie harufu ya siagi ndotoni. Lakini watoto wake wawili walijifunza kusoma kwenye meza ya kantini ile, na mama yake aliaga dunia akiwa anapelekwa hospitali kwa feri ile, Jorunn amemshika mkono. Alitaka awepo. Hakuna jambo jingine alilolitaka kwa nguvu hivyo tangu waanze safari.

Na hapo akakumbuka zile mita. Feri ikiisha, zimekwisha nazo, kwa sababu handaki ni la magari tu, mtu wa miguu haruhusiwi. Alijua kwamba akilitaja hilo tu Magnar atakuwa amefunga begi kabla maji hayajachemka. Akaapa kiapo cha pili maishani mwake. Hatalitaja. Kama mtu huyu atakuja, aje kwa ajili yake.

Magnar alirudi na ndoo. Jorunn akamwambia.

"Si walisema mwakani?" Magnar aliuliza.

"Wamemaliza mapema."

Magnar aliitikia kwa kichwa kwa kuwaheshimu wahandisi. "Kazi nzuri," alisema.

"Nataka niwepo, Magnar. Nataka tuwepo."

Magnar aliweka ndoo chini kwa utaratibu. Alimkumbusha sheria ya pili. Jorunn alisema anaijua. Magnar akasema theluji iko njiani, wakishuka kusini sasa msimu umekwenda, na mwakani yeye atakuwa na miaka sabini na mbili, hajui magoti yatasemaje. Hapo sauti yake ilishuka kidogo, na Jorunn aliona kwamba anaogopa kweli. Karibu amhurumie.

"Ni feri yangu," alisema.

"Uliilaani miaka thelathini."

"Thelathini na mmoja. Ndiyo maana nasema ni yangu."

"Feri ni feri, Jorunn. Zote zitaondolewa."

Jorunn alimtazama usoni na kungoja. Alingoja pengo la mita elfu nne na mia mbili lipande kutoka mahali lilipolala kwenye kichwa kile. Magnar alichukua shoka akaenda kupasua kuni. Mtu aliyekumbuka urefu wa kila daraja tangu Skorva alikuwa na hasira kiasi cha kusahau pengo lake mwenyewe, na Jorunn alimwacha alisahau hivyo hivyo.

Asubuhi yake alifunga begi. Kabla ya kutoka alifungua kile kitabu ili aandike anakokwenda, kama sheria inavyotaka, na akaona mstari wa jana kwa mwandiko wa ramani: Magnar Hjelle na mke. Akafungua nyuma kidogo. Walikuwa wamepita hapo siku tatu kabla wakichunguza njia. Magnar Hjelle na mke. Akapiga hesabu ya vibanda. Sabini na vinne. Katika vitabu sabini na vinne vya nchi hii, juu ya meza sabini na nne alizozifuta kwa mkono wake, yeye hakuwa na jina.

"Na ningepotea?" alimuuliza. "Wangemtafuta nani? Mke?"

Magnar alisema ndivyo watu wanavyoandika. Baba yake aliandika hivyo.

"Baba yako alipotea baharini na hakuna aliyemtafuta mkewe," alisema Jorunn. Halikuwa na maana sana, lakini lilimfaa kwa wakati ule. Akachukua kalamu, akaandika kwa herufi kubwa: Jorunn Hjelle. Kutoka: hapa. Kwenda: kazini. Kisha akachukua birika la kahawa, akamwachia sufuria, akashuka bondeni. Kumwacha mtu wa kwetu mlimani bila mke ni jambo linalozungumzika. Kumwacha bila kahawa ni vita.

Alipanda meli ya pwani kuelekea kusini. Kwa siku mbili na ushei alikaa dirishani akaitazama miaka yake miwili ikipita kinyumenyume. Mlima uliomnyang'anya kucha ulipita wakati anakoroga kahawa. Kibanda cha wavuvi kilipita kabla hajamaliza biskuti. Hakukuwa na mtu aliyepita nje ya kioo. Siku ya pili alijikuta anatazama kioo kila baada ya dakika mbili, akajitukana kwa sauti, na bibi wa meza ya pili akahamisha kiti.

Kwa Kjellfrid alikaa siku nne. Magnar hakupiga simu. Jorunn naye hakupiga. Kjellfrid, ambaye amefukuza waume wawili na kuzika wa tatu, alimshauri amwandikie neno moja tu, mita, amalize mambo. Jorunn alikataa. Alisema kama ni hivyo afadhali Magnar abaki huko huko azunguke Rasi mpaka azeeke. Lakini kila basi lilipoingia Skorva alikuwa na shughuli ya kufanya karibu na dirisha.

Jumamosi mvua ilinyesha ipasavyo. Skorva nzima ilikuja. Bwana aliyeandika barua arobaini kwenye gazeti akidai handaki alikuwa amesimama mbele kabisa na bendera, analia kwa kwikwi. Bendi ya matarumbeta ilipiga huku maji yakitoka kwenye matarumbeta. Meya alisifu feri aliyoitukana kwenye kampeni tatu. Mchungaji aliiombea, akachungulia mlima nyuma ya kanisa kama mawingu yamepanda.

Kantini ilikuwa balaa. Kjellfrid alieleza kwamba siku hizi svele huletwa zimegandishwa kwenye maboksi, na zinapashwa moto mpaka zinafanana na soli. Watu mia tatu wamekuja kumuaga mpendwa wao na wanapewa soli. Alimtazama Jorunn, akakitazama kikaango cha zamani kilichotundikwa ukutani kwa mapambo. Jorunn alisema ameapa. Kjellfrid alisema Jorunn ameapa mengi mwezi huu. Jorunn akavua koti, akashusha kikaango, akaomba maziwa ya mgando. Alikuwa na hasira, na mikono yenye hasira hukaanga vizuri.

Alikaanga njia nzima kuvuka hadi Lauvnes. Gatini Lauvnes alitoa kichwa nje dakika moja kutazama wanaopanda. Aliona miavuli tu. Akarudi ndani, na saa kumi feri ikapiga honi ndefu, ikaondoka kwa mara ya mwisho.

Walikuwa hawajafika mbali alipoona miguu. Dirisha la kantini ni la chini, mtu akipita sitahani unamwona kuanzia kiunoni kwenda chini, na miguu ile, mirefu, yenye matope ya kaskazini, angeitambua hata kuzimu. Ilipita kwa haraka, ikaelekea mbele. Jorunn alisimama na mwiko mkononi. Baada ya dakika mbili ikapita tena. Basi amekumbuka, aliwaza. Amekuja kuzichukua mita zake. Aliumia hasa, kifuani, mahali pa kuumia, na svele tatu zikaungua, za kwanza tangu aanze kazi hiyo. Alizitupa akamimina nyingine.

Alingoja miguu ipite mara ya tatu. Haikupita. Aliposikia mlango wa kantini unafunguka hakuinua kichwa. Foleni ilifika hadi mlangoni, na kwetu foleni hairukwi, hata kama unamfuata mke wako, hata kama chombo kinazama. Aliyeingia alisimama nyuma ya mtu wa mwisho. Jorunn alikaanga. Foleni ilisogea. Bwana wa barua arobaini alichukua nne. Hatimaye mbele ya kaunta palikuwa na mtu mrefu anayedondosha maji sakafuni.

"Svele moja," alisema Magnar.

"Siagi au jibini?"

"Unajua."

"Sijui. Nimeshahudumia watu mia tatu."

"Jibini."

Jorunn alipaka jibini. Hakumpa sahani. "Umezunguka mara mbili," alisema. "Nimekuona."

"Nilikuwa nakutafuta. Mlango wa mbele umefungwa, nikaenda wa nyuma, nao umefungwa, nikarudi mpaka wa ubavuni."

"Na mita zako?"

"Nilizikumbuka nikipita Bodø."

"Tiketi ulikata wapi?"

"Skjervøy."

Skjervøy ni mbali kaskazini, mwendo wa mchana kutwa na usiku kucha kwa meli kabla hujaiona Bodø. Jorunn aliipima njia ile kichwani mara mbili, na kila mara ilitoka vilevile. Mtu huyu alikata tiketi kwanza, akakumbuka baadaye, na kwenye vipimo hajui uongo.

"Skjervøy kuna nini?" aliuliza.

"Kuna kibanda kabla ya mji. Niliandika kwenye kitabu." Magnar alitazama sahani. "Niliandika 'na mke'. Mkono uliandika wenyewe. Ikabidi nifute."

Kila aliyewahi kuona madaftari ya Magnar alijua kwamba hajawahi kufuta neno katika maisha yake. Kjellfrid alijifanya anahesabu vikombe.

Jorunn alitazama saa ya ukutani. "Zimebaki dakika tisa," alisema. "Toka nje ukazunguke. Utapata zilizobaki."

"Haihesabiwi. Lazima iwe gati hadi gati, bila kusimama."

"Na wewe umesimama."

"Nimesimama."

"Kwa muda gani?"

"Dakika kumi na mbili. Foleni ilikuwa ndefu."

"Basi zimepotea, Magnar. Hakuna feri nyingine."

"Najua. Nilijua nikiwa mlangoni." Akashika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili. "Nimechoka, Jorunn," alisema. "Na nina njaa."

Jorunn alimkabidhi Kjellfrid mwiko, akatoka nyuma ya kaunta na sahani mbili. Mtu aliyekuwa dirishani aliinuka mwenyewe akawapisha. Wakakaa. Magnar alikula svele kwa mara ya kwanza kwenye feri tangu safari ianze, na maji ya ghuba yakapita chini yake. Neno la tatu hakulisema, lakini Jorunn hakulidai. Mawili kwa siku moja yalitosha. Alimuuliza tu kama svele ni nzuri. Magnar alitafuna, akafikiri, akasema imeungua kidogo upande mmoja. Ilikuwa kweli.

Kjellfrid alipitisha kitabu cha kuweka sahihi za abiria wa mwisho. Magnar alikifuta maji kwa mkono wa koti, akaandika kwa mwandiko wake wa ramani: Jorunn Hjelle na mume. Jorunn aliisoma, akasema mwandiko umeharibika. Kisha feri ikagusa gati, bendi ikaanza tena, vibaya kuliko mwanzo.

Rasi waliifikia mwaka uliofuata, magoti yakikubali kwa taabu. Ramani imetundikwa jikoni kwao, nami nimeiona. Mstari mwekundu unaanza kwenye mlango huo, unashuka hadi gatini Skorva, unakoma. Unaanza tena Lauvnes na kwenda bila kukatika mpaka mwisho wa nchi. Katikati ya Skorva na Lauvnes karatasi ni nyeupe, upana wa kucha, na haitapata kuchorwa, kwa sababu feri iliuzwa na handaki haliruhusu miguu. Wageni huuliza kulikoni, safari yote hiyo na amekosa hapo, mbele ya nyumba yake mwenyewe. Magnar huvaa miwani, akaangalia kana kwamba hajawahi kuliona pengo hilo.

"Hapo," husema, "nilikaa na mke wangu."